Maji Yako Wapi? Barabara ya Mombasa, Kutoka Garimoshi Hadi Gari la Umeme

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilishikwa na kazi, halafu nikashikwa na safari, na safari hiyo ndiyo iliyozaa makala ya leo. Hakuna kodi ndefu leo. Ni historia, ingawa kompyuta imo ndani yake, kwa hiyo msikimbie.

Mimi ni mtu wa Mashimoni, Kibera. Mchana naandika programu mjini, jioni narudi nyumbani, na usiku nikiwa kitandani nasikia honi ya treni ya mizigo ikielekea magharibi. Sauti hiyo siichoki, maana babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa reli. Alikuwa fayamani, yaani yule anayeangalia moto na maji ya injini wakati dereva anaangalia njia. Alifanya kazi zaidi kati ya Nairobi na Mombasa, akastaafu, akarudi kwao karibu na Voi. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia hivi: "Dereva mjinga huuliza Mombasa iko mbali kiasi gani. Dereva mwerevu huuliza, maji yako wapi?"

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilikuja kuyaelewa Aprili 2022.

Babu alifariki usiku, wiki ya kwanza ya Ramadhani. Sisi ni Waislamu, na maiti hailazwi siku nyingi. Tuliambiwa atazikwa siku hiyo hiyo, baada ya swala ya adhuhuri. Mjomba wangu, ambaye ndiye mtoto wake mkubwa, alikuwa na gari la petroli la watu saba. Kutoka Nairobi hadi Voi ni takriban kilomita 330. Hesabu ilikuwa rahisi: tule daku, tuswali, tuondoke saa kumi na moja alfajiri, saa tano tuwe tumefika.

Wakenya mnakumbuka ule mwezi. Petroli ilikuwa imeadimika nchi nzima kutokana na mvutano kuhusu malipo ya ruzuku ya bei. Mizinga ya gari ilikuwa karibu tupu. Tulizunguka kituo baada ya kituo, kila mahali kuna mlolongo wa magari au kibao cha "hakuna mafuta". Tulipata kituo chenye petroli saa tatu asubuhi, na hapo tukapiga foleni. Tuliondoka mjini saa nne. Kule nyumbani walitusubiri hadi saa tisa, kisha hawakuweza kusubiri tena. Tulifika saa kumi, kaburi limeshafunikwa. Mama hakumwona baba yake. Mjomba hakumtia baba yake mchanga. Alisimama pale na funguo za gari mkononi, hakusema neno, na mpaka leo hajapenda kulizungumzia.

Mwaka 2025 mjomba alinipigia simu. Siku hizi anaendesha teksi ya umeme hapa Nairobi, gari dogo la mtumba kutoka Japani. Familia ilikuwa imepanga kumsomea babu hitima. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Safari hii nataka kwenda na hili gari la umeme. Nipangie, na usinikosee kama nilivyokosea mimi." Hapo ndipo nilipoanza kuchimba.

Zamani: misafara na ngurunga

Kabla ya reli, na kabla ya barabara, njia ya kutoka Mombasa kwenda bara ilikuwa njia ya miguu. Wakamba walileta pembe za ndovu pwani, na misafara ya watu wa pwani ilikwenda bara. Shida yao kubwa haikuwa umbali. Ilikuwa Taru, lile pori kavu la miba nyuma ya vilima vya pwani. Pale mto hakuna. Kilichokuwapo ni ngurunga, yaani mashimo ya asili kwenye miamba ambayo hujaa mvua ikinyesha. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamaasai, aliikuta njia hiyo hiyo na mashimo hayo hayo.

Fikiri kama mwandishi wa programu. Mpagazi mmoja hubeba mzigo wa kilo 25 hadi 30. Akibeba maji, habebi bidhaa. Kwa hiyo msafara ulipimwa kwa maji: kutoka shimo hadi shimo, na kiongozi mzuri ni yule aliyejua si tu ngurunga iko wapi, bali kama mwezi huu ina maji. Ramani pekee haikutosha. Shikeni hapo, tutarudi.

Hata majina ya njia ile yanakueleza habari hiyo. Kuna mahali panaitwa Maji ya Chumvi. Aliyepaita hivyo alikuwa anakuonya!

Reli: kunywa maji kila mara

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa. Injini za mvuke zilikuwa na kiu kuliko msafara wowote. Zilichoma kuni mwanzoni, na zilihitaji maji mengi njiani. Wajenzi walipoingia Taru, maji ya wafanyakazi yenyewe yalipelekwa kwa treni. Treni nzima inayobeba maji ili treni nyingine iende mbele... wale wenzangu wa programu watajua huu ugonjwa, mfumo unaotumia nguvu zake nyingi kujilisha wenyewe.

Mwaka 1898 walifika mto Tsavo, ambako simba wawili waliwasumbua kwa miezi hadi J. H. Patterson akawaua Desemba mwaka huo. Habari ya simba kila mtu anaijua. Habari ya matangi ya maji haina msimuliaji, lakini ndiyo iliyojenga miji. Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud... haya ni majina ya vituo vya reli. Mtito Andei ni Kikamba, msitu wa tai wala mizoga. Sultan Hamud ni kwa heshima ya Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar, aliyekwenda kuitazama reli ikijengwa mwaka 1898. Makindu ni mikindu, na mikindu inapenda mahali penye maji.

Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika mahali tambarare penye mto ambao Wamaasai waliuita kwa jina la maji baridi. Mbele yake kulikuwa na mwinuko, halafu mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Mahali pazuri pa kupumzisha injini, kuweka karakana na kupanga safari ya milima. Reli ikahamishia makao yake makuu hapo kutoka Mombasa. Mahali hapo ni Nairobi. Ndiyo, huu mji wetu wenye maghorofa na msongamano ulianza kama kituo cha kujaza upya. Muda mfupi baadaye askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza wakapewa pori pembeni ya mji, wakaliita Kibra, na leo reli ya Kisumu inapita hapo hapo. Reli hiyo ilifika Kisumu Desemba 1901. Honi ninayoisikia usiku ina zaidi ya miaka 120.

Babu alianza kazi miaka ya 1950, wakati wa zile injini kubwa aina ya Garratt za daraja la 59, zilizoletwa kuanzia mwaka 1955. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250 na jina la mlima. Moja, Mount Gelai, ipo hadi leo katika makumbusho ya reli hapa Nairobi. Nendeni mkaione. Zilichoma mafuta mazito, si kuni, lakini maji bado zilikunywa. Babu alisema fayamani aliyepita tangi bila kujaza kwa kuona haraka alikuwa anacheza na roho za watu.

Kisha ikaja injini ya dizeli. Dizeli haihitaji tangi la maji. Inajaza mafuta na kupita. Sasa fikiri ni nini kiliupata mji mdogo ambao sababu yake ya kuwapo ilikuwa tangi. Ile iliyokuwa na barabara kuu mlangoni ilipona. Mingine ilibaki na jengo la stesheni, miti ya mikaratusi na mbuzi. Treni ya Madaraka Express iliyoanza Mei 31, 2017 nayo ni ya dizeli, na zile za moja kwa moja zinavipita vituo vya kati. Mashine ikibadilisha kiu yake, ramani ya nchi inabadilika.

Petroli nayo ilikuwa hivi hivi

Watu wengi wanadhani gari la petroli lilizaliwa na vituo vyake. Hapana. Agosti 1888, Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari la mumewe bila kumwambia, akaenda na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Hakukuwa na kituo hata kimoja cha mafuta duniani. Alinunua ligroini kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, kitu kilichokuwa kikiuzwa kwa kusafishia nguo. Njiani alikuwa anaomba maji ya kupoza injini. Huo ndio mpango wa kwanza wa safari ndefu ya gari: duka la dawa na visima vya watu.

Na gari la umeme si kitu kipya. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari zaidi ya 4,000, na ya petroli yalikuwa chini ya robo. Mengine yote yalikuwa ya mvuke na ya umeme. Umeme ulishindwa kwa sababu kadhaa. Petroli ilishuka bei, na mwaka 1912 Cadillac ilileta stata ya umeme ikaondoa kazi ya kuzungusha injini kwa mkono. Lakini sababu kubwa kwa safari ndefu ilikuwa hii: nje ya miji hakukuwa na umeme. Petroli unaweza kuitia kwenye kopo ukaipeleka kokote, hata kwa punda. Umeme unahitaji waya.

Kwetu kopo hilo lina jina. Ni debe! Petroli na mafuta ya taa yalikuja Afrika Mashariki katika makopo ya bati ya galoni 4, karibu lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Kopo likiisha mafuta halikutupwa. Lilikuwa la kuchotea maji, la kupimia mahindi, na likinyooshwa linakuwa paa au ukuta wa nyumba. Leo sokoni bado tunapima kwa debe, na nyumba za mabati za mitaa kama wetu ni wajukuu wa kopo hilo. Yaani mtandao wa kwanza wa mafuta Kenya ulikuwa mkopo kwa mkopo, duka la Mhindi hadi duka la Mhindi.

Nairobi hadi Mombasa kwa gari ilikuwa jambo la ajabu. Lionel Douglas Galton-Fenzi, aliyeanzisha chama cha wenye magari Afrika Mashariki mwaka 1919, ndiye anayekumbukwa kwa kufungua njia hiyo kwa gari mwaka 1926. Kazi yake kubwa ilikuwa kupita njia, kupima na kuandika, ili dereva anayefuata ajue mbele kuna nini. Mkifika Kenyatta Avenue, pale kona ya Koinange Street, kuna mnara mdogo ambao watu wanaupita bila kuutazama. Ni wake, na umeandikwa umbali wa miji. Kwangu mimi huo ni mnara wa data. Siku hizi nikiupita nausalimia.

Na mwaka huo huo wa 1926 Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao Makindu. Mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, anapewa chakula na chai bure pale. Kituo cha kujaza tumbo, tangu enzi za mvuke.

Baadaye vikaja vituo vya mafuta, lami, mashindano ya magari ya Safari kuanzia mwaka 1953, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa mwaka 1963. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi likaanza kazi. Sasa sikilizeni hili. Mafuta hayapandi mlima yenyewe. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600. Lazima yasukumwe kwa pampu, na pampu zinakaa kwa hatua. Vituo vya mwanzo vilikuwa Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Baadaye, mwaka 2008, vikaongezwa vya katikati, na Makindu ikawa mmojawapo. Hata petroli yenyewe haifiki Nairobi bila kupumzika njiani!

Programu yangu ya mistari michache

Haya, turudi kwa mjomba. Nilikaa na laptopu yangu Jumamosi moja. Wazo ni rahisi: miji ni nukta, barabara ni mstari kati ya nukta, na gari lina kikomo cha mwendo kabla ya kujaza. Tafuta njia yenye vituo vichache.

Nilianza na lile gari lake la zamani la petroli. Programu ikajibu papo hapo: jaza Nairobi, nenda Voi. Mwisho. Hakuna cha kupanga.

Kisha la umeme. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9 za nishati. Tangi la lita 40 lina 360. Betri ya gari la mjomba lilipokuwa jipya ilikuwa ya 24, ambayo kwa hesabu ya moja kwa moja haifiki hata lita 3. Tuwe wa haki hata hivyo: injini ya petroli hupoteza karibu robo tatu ya nishati kama joto, na mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Kwa hiyo betri hiyo ni kama kutembea na lita 9. Lakini betri imezeeka, sasa inashika kama 18. Ukiacha akiba ya sehemu moja ya tano, unabaki na 14 na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linatumia kama 14 kwa kila kilomita 100. Yaani kilomita 100 hivi kila hatua, na nyongeza kidogo kwa sababu kwenda pwani ni kuteremka.

Nikabonyeza. Jibu likatoka:

Sultan Hamud. Makindu. Mtito Andei. Voi.

Nilicheka peke yangu chumbani. Nilikuwa nimeipa programu miji yote ya njia ile, haikujua lolote kuhusu reli wala bomba. Imechagua vituo vya mvuke vya babu na vituo vya pampu vya mafuta, kimoja baada ya kingine. Si uchawi. Kila chombo chenye kiu ya karibu kilomita mia hugawa njia ile vivyo hivyo.

Lakini programu ilikuwa inasema tu mahali pa kusimama. Haikujua kama kuna soketi. Sehemu hiyo niliifanya kwa simu. Nilipiga kwa marafiki wa marafiki, kwa nyumba za wageni, kwa mafundi. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kilowati 2 na kidogo. Kujaza betri nzima ni usiku kucha. Wengine walidhani nataka kuwaibia stima. Mmoja aliniuliza, "Hilo gari lako ni simu?" Hatimaye tukapata fundi wa kuchomelea vyuma Sultan Hamud, mwenye gereji Makindu, na nyumba ya wageni yenye uwanja Mtito Andei. Makubaliano yalikuwa ya haki: wana mita za tokeni, tutasoma uniti kabla na baada, tutanunua tokeni zetu na kuongeza kidogo cha shukrani. Kiongozi wa msafara wa mwaka 1883 angeyatambua mazungumzo hayo mara moja. Ni kuomba ruhusa ya kisima cha mwenyewe.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mjomba, mama, mimi na binamu mmoja. Sultan Hamud tulikaa saa nne huku cheche za fundi zikiruka upande wa pili. Makindu saa nne nyingine, na bila shaka tulikula kwa Masingasinga, dengu na chapati. Mtito Andei tulifika magharibi, tukalala. Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa Voi. Petroli ingechukua saa tano au sita. Sisi tulitumia saa 29.

Kurudi ni habari nyingine. Kupandisha gari la tani moja na nusu zaidi ya mita 1,000 kunakula kilowati-saa kama 4 hadi 5 za ziada, kwa hiyo tulisimama mara moja zaidi. Fizikia haina undugu na mtu.

Basi lipi bora?

Najua mnangoja nitoe hukumu. Nitasema ukweli. Kama babu angefariki juzi, gari la umeme lisingetufikisha mazishini. Tungechelewa zaidi kuliko mwaka 2022. Gari jipya lenye betri kubwa na chaja za kasi njiani lingefika, lakini hilo si gari la mtu wa Mashimoni kwa sasa. Mjomba mwenyewe hachajii nyumbani. Stima ya mtaani kwetu hupungua jioni hadi taa zinakuwa za manjano, na nyumba nyingi hazina mita yake yenyewe. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme wa magari, shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za matumizi madogo. Nzuri sana, lakini unahitaji mita na mahali pa kuegesha. Kwetu wanaonufaika kwanza ni vijana wa bodaboda za umeme, kwa sababu wao hawachaji, wanabadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa na kuondoka. Mnaona? Ni debe limerudi.

Na pia nataka mkumbuke jambo zuri. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mwaka 2024 pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam ya hapa Nairobi ilisafiri na watu wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch hadi Afrika Kusini, kilomita zipatazo 6,000, kwa nguvu za jua. Walikuwa na magari ya kusindikiza yaliyobeba paneli na betri. Wapagazi wa maji kabisa! Mwanzo wa kila mtandao uko hivyo: kwanza unabeba, halafu unaomba, halafu unajenga.

Lakini kuna jambo ambalo limenikaa zaidi ya hesabu zote. Mwaka 2022 sisi tulikuwa na ramani. Simu yangu ilionyesha vituo vya mafuta vingi kuliko ningeweza kuhesabu, na kila kimoja kilikuwa na alama yake. Tatizo ni kwamba ramani ilituambia kituo kipo, haikutuambia kama kina mafuta. Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili, tunasoma data ya zamani tukidhani ni ya sasa. Yule kiongozi wa msafara hakulifanya. Alimtuma mtu mbele akaangalie ngurunga. Fayamani hakulifanya, stesheni ziliulizana kwa telegrafu. Ni sisi, wenye petroli kila kona kwa miaka mingi, tuliosahau kuuliza.

Safari ya umeme ilikuwa ya polepole, lakini hatukuwa na wasiwasi hata dakika moja. Kila kituo tulikuwa tumekipigia simu jana yake. Nilimwambia mjomba hivyo tukiwa tumeketi nje ya chumba pale Mtito Andei, waya wa chaja umepita dirishani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile siku ningepiga simu usiku ule ule, kabla ya daku. Kulikuwa na petroli mahali. Nilijua tu iko, sikuuliza." Ni mara ya kwanza nimemsikia akiizungumzia.

Kesho yake alasiri tulikwenda kaburini. Mjomba alichukua mchanga kidogo kwa mkono, akaumwaga juu taratibu, akasoma dua yake. Mama alilia, halafu akatulia. Hitima ilisomwa jioni, na watoto wa kijiji wakaja kulishangaa gari lisilo na sauti.

Sasa kazi yangu ni hii. Ile programu naiandika upya. Sitaki tu ionyeshe mahali pa kuchajia, nataka ionyeshe ni lini mtu wa mwisho alichaji hapo na kama stima ilikuwapo. Fundi wa Sultan Hamud amekubali kutuma ujumbe mfupi kila asubuhi: ipo, au haipo. Ikikamilika nitaiweka hapa muichukue bure. Kama una ndugu mwenye soketi kati ya Salama na Mariakani, niambie.

Mpaka wakati mwingine, safari njema. Na kabla ya kuondoka, pigeni simu.